Tela Lenye Vitanda Vinne

Ipo Jumamosi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya umri ule yamekwisha nitoka. Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na saba, nimekaa mlangoni kwetu kule ziwani, katika kijiji kimoja karibu na Lituhi, namsubiri mgeni wa mama yangu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa tangu asubuhi. Kitanda cha chuma, ambacho kilikuwa kimoja tu nyumba nzima, kilitandikwa shuka jeupe ambalo mama alilitoa sandukuni kwa ajili ya mgeni huyo peke yake. Gari lilifika, tukalisikia, wageni wakashuka wakiimba kama ilivyo desturi. Mgeni wetu hakuja kulala. Nataka nikusimulie habari hiyo kabla hujampigia huyo mwuzaji wa matela wa Dar es Salaam ukamwambia umekwisha chagua.

Jana ulikaa nami hapa barazani pamoja na wenzako wa kikundi, simu yako mkononi, Imelda mjukuu wangu, ukanionyesha matela. Nimelima kahawa Mbuji hii tangu nilipoolewa, nimezaa na kulea, lakini sikujua kwamba kuna nyumba inayofungwa nyuma ya gari ikaenda nawe safari. Ulinionyesha lile lenye turubai juu, linaloinuliwa likawa hema, lina vitanda ndani na jiko la gesi linalovutwa kwa nyuma kama droo ya kabati. Halafu ukanionyesha lile jingine, sanduku tupu la kubebea mizigo, ukalipita upesi kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali. Ukasema, "Bibi, wewe umecheza ngoma ya kioda miaka yote, umetembea na vikundi. Tuchagulie." Nikakuambia nitajibu kesho. Ulidhani nimechoka. Sikuchoka, niliumia, na sikutaka kulia mbele ya wenzako.

Nakijua kikundi chenu na ninakipenda. Wiki nzima mko kazini Mbinga mjini, huyu nesi, yule mwalimu, yule ana duka la vipuri vya pikipiki, na mwisho wa wiki ukifika mnavaa sare zenu na kwenda kucheza ngoma za kioda na mganda mnakoalikwa, leo Litumbandyosi, siku nyingine Liuli au Mbamba Bay. Hakuna anayewalazimisha. Mnaipenda tu ngoma, kama tulivyoipenda sisi. Na sababu uliyonipa ya kutaka tela lenye vitanda ni nzuri, ndiyo maana imenitisha. Ulisema, "Hatutaki kuwasumbua wenyeji, Bibi." Maneno hayo si mageni kwangu. Mwanamke aliyeyasema kabla yako alikuwa na moyo mwema kuliko wengi niliowafahamu.

Sasa nisikilize, na simu uiweke kando kidogo, haitakimbia.

Zamani zetu ngoma ya kualikana haikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kikundi cha huku milimani kikialikwa ziwani kilifika Jumamosi mchana, jioni kikacheza kidogo cha kusalimia, Jumapili baada ya misa ndiyo ikawa ngoma yenyewe ya kushindana, na Jumatatu asubuhi kikaondoka. Kwa hiyo kulala kulikuwa sehemu ya ngoma. Kila mgeni alikuwa na nyumba yake. Mara ya kwanza mlipangiwa, lakini baada ya hapo hakuna aliyewapangia tena, mgeni aliujua mlango wake, akashuka garini na kwenda moja kwa moja. Mwenyeji alimtekea maji ya kuoga, akampikia, akampa kitanda chake, yeye mwenyewe akalala chini kwenye mkeka. Siku ya kuagana alimfungia samaki wakavu. Mgeni naye alikuwa amekuja na maharage na viazi vya kwao. Na sisi tukipanda huku milimani, mambo yaligeuka, aliyekuwa mwenyeji akawa mgeni.

Mgeni wa mama yangu aliitwa Osmunda, wa Ruanda hii ya wilaya yetu. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyimbo wa kikundi cha kwao. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mcheshi, mwenye sauti ambayo mtu aliyeko shambani aliisikia akasimamisha jembe. Mama aliitwa Apolonia. Alikuwa mjane, nami nilikuwa mtoto wake wa pekee. Mmoja alisema Kimatengo, mwingine Kinyasa, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, na wote wawili walikisema vibaya. Wakikosea walicheka mpaka mama anashika mbavu. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka ovyo, mwanangu. Mwaka mzima nilimsikia akicheka namna ile siku zile tatu tu. Mimi nilimwita Osmunda mama mdogo, na hakuna aliyenifundisha.

Nikuambie na hili, maana bila hili hutaelewa kilichompata mama. Mama hakuwa mchezaji. Alicheza kioda kama mtu aliyekanyaga siafu, na mwenyewe alijua. Hakuwa na mume, hakuwa na wana wa kiume, shamba lake la muhogo lilikuwa dogo. Kitu kimoja kilichompa kiti mbele za watu ni kwamba kiongozi wa nyimbo wa Ruanda alilala kwake. Wanawake wenzake walimwuliza, "Mgeni wako anakuja lini?" kama wanavyomwuliza mwenzao habari za mume aliyesafiri. Siku za ngoma alikaa mstari wa mbele. Basi, heshima yake yote ilikuwa pale.

Mwaka mmoja mwera ulivuma vibaya. Huo ni upepo wa ziwa, unakuja na baridi na vumbi la mchanga, nanyi mtaukuta huko mkienda. Mama mdogo Osmunda aliimba Jumamosi jioni bila kujifunga kitambaa shingoni, akaimba tena misani, na Jumapili mchana, katikati ya wimbo, sauti ikamkatika. Alifungua kinywa ikatoka pumzi tupu. Kikundi chake kilishindwa siku ile. Wakaondoka Jumatatu, yeye na mama wakaagana kwa ishara na kucheka, kwa kuwa hata "kwaheri" haikutoka.

Unajua maneno ya ngoma za kushindana. Kikundi kikishindwa lazima atafutwe mchawi. Mmoja atasema ngoma zilifanyiwa dawa, mwingine atasema kuna kitu kilizikwa uwanjani. Hata ninyi mliosoma nimewasikia, tena mwaka jana tu mliporudi kutoka Liuli. Basi na wa Ruanda walinong'ona kwamba mwimbaji wao alifanyiwa kitu. Hawakumtaja mtu. Yalikuwa maneno ya kupoza aibu, yakapita.

Mwaka uliofuata wakaja na tela.

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa wa huko kwao, ambaye mkewe alikuwa mchezaji, alikuwa na Landrova. Akamwagiza fundi wa Songea amtengenezee tela dogo la magurudumu mawili. Nalikumbuka vizuri, lilikuwa la bluu, kuta za bati, dirisha moja la wavu, na mlango wa nyuma wenye ngazi ya kushushwa. Ndani kulikuwa na vitanda vinne, viwili chini na viwili juu yake, na magodoro ya sponji ambayo kijijini kwetu hayakuwa bado yameonekana. Watoto walilizunguka siku nzima. Hata mimi nilichungulia, sitakuficha, nikatamani. Lilikuwa tela zuri.

Lakini vitanda vilikuwa vinne, na wageni walikuwa zaidi ya ishirini. Kwa hiyo waliolala humo ni viongozi, yaani mwenyekiti, akina mama wawili waliokuwa na umri mkubwa, na kiongozi wa nyimbo. Wengine wote walibeba mafurushi yao wakaenda kwenye milango yao kama kila mwaka. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Wote wangelala kwenye matela, kijiji kingesema watu wa Ruanda wamejivuna, yakaisha. Nyumba tatu walimokuwa wakilala viongozi wale wengine zilikuwa na watu wengi, wakapokea wageni wengine wapya. Nyumba iliyobaki tupu ilikuwa yetu.

Mama mdogo alikuja mchana ule kutusalimu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama mdogo," akaitika na kunivuta kifuani. Alileta maharage, mazuri, ya rangi mbili. Akamwambia mama, "Dada, mwaka huu nalala kule kwenye tela na viongozi wenzangu. Usihangaike na mimi."

Mama alikuwa ameshika beseni. Alikaa nalo vilevile mkononi. Akasema, "Haya, mdogo wangu. Lakini utakula."

"Nitakula, kwa nini nisile?"

Ugali haukuwa umeiva bado walipokuja kumwita mazoezini. Akaondoka, akisema atarudi. Kule kwenye tela walikuwa na sufuria zao na mpishi wao, na mpishi naye hakutaka chakula chake kilale. Hakurudi kula. Mama alilikunja lile shuka jeupe, akalirudisha sandukuni, akaniambia nilale kitandani mimi. Nilikataa. Hakulala mtu kitandani.

Na Jumapili, mwanangu, Osmunda aliimba kuliko siku zote. Sauti haikukatika. Mwera ulikuwa umetulia, naye safari hii alijifunga kitambaa, lakini nani aliangalia kitambaa? Ruanda wakashinda.

Jumatano nilikwenda mashineni kusaga muhogo. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na wanazungumza, waliponiona wakanyamaza. Nikajua ni sisi. Yupo mmoja, simtaji, amekwisha kufa na watoto wake ni watu wema, huyo hakuweza kunyamaza hata angezibwa mdomo. Akasema, akimtazama mwenzake, "Aliyelala kwake mwaka jana alitoka bila sauti. Mwaka huu ameona bora alale garini, na sauti imerudi. Mimi sisemi kitu."

Wewe unanijua nilivyo na hasira, na ujana uliiongeza. Niliacha unga wangu nikamrukia. Tulitenganishwa. Nilirudi nyumbani kanga imechanika, mama akaniuliza, nikamweleza yote. Aliendelea kumenya muhogo. Halafu akasema, "Usipigane tena kwa ajili yangu. Ukipigana wanasema ni kweli."

Nikamwambia, "Basi tumwandikie mama mdogo. Aje aseme kwa nini hakulala hapa."

"Usimwandikie."

"Kwa nini, mama?"

"Nikimwuliza, nitakuwa nimekubali kwamba lipo la kuulizwa. Kama yeye ananiogopa, ananiogopa. Kama haniogopi, atakuja mwenyewe kulala."

Hilo ndilo lililomuua mama yangu, nasema hivyo ingawa daktari alisema ni moyo. Alikuwa na kiburi cha watu maskini, ambacho ni kikali kuliko cha matajiri. Alitaka mwenzake ajue bila kuambiwa. Na mwenzake alikuwa Ruanda, safari ya siku nzima, anachuma kahawa yake, hajui kitu.

Siku zile hakuna aliyekuja kutuchomea nyumba, usidhani hivyo. Kijiji chetu hakikuwa cha watu wabaya. Ilikuwa mambo madogomadogo. Watoto wa jirani waliokuwa wakija kuomba moto hawakutumwa tena kwetu. Kulipokuwa na msiba mama alipeleka chakula kama wengine, na bakuli lake lilirudi limejaa, na mwenye msiba akasema watu walikuwa wameshiba. Wanakikundi wa kioda walipokutana kupanga mapokezi ya wageni hawakumwita, mmoja akaja baadaye kumweleza kwamba walimhurumia kwa ajili ya goti lake linalouma. Kanisani alikaa benchi lilelile, na benchi likawa na nafasi. Padri aliwahi kuhubiri juu ya masengenyo, watu wakaitikia vizuri na kurudi majumbani na masengenyo yao. Mama aliacha kwenda uwanjani siku za ngoma. Alikaa nyuma ya nyumba akisikiliza kwa mbali.

Mwaka wa pili Ruanda wakaja tena, na tela lilelile. Mama mdogo akaja kusalimu, mchangamfu kama zamani, na viazi safari hii. Alikaa nje kwenye kigoda. Aliona mama amekonda, akauliza, mama akasema ni malaria. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nataka kumwambia yote. Mama akanitazama. Mwanangu, wewe hukuwahi kutazamwa na mama yangu, kwa hiyo huwezi kujua. Nikaenda kuangalia moto jikoni. Mama mdogo alikaa, akasimulia habari za Ruanda, akamshika mama mkono, akaenda zake kwenye tela. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba.

Alikufa kabla mvua za mwaka ule hazijaanza.

Habari zilifika Ruanda kwa dereva wa lori la mahindi, na kwa lori hilohilo mama mdogo Osmunda akashuka, peke yake, bila kikundi, bila tela, na kifurushi kimoja. Alikuta tumekwisha zika. Alianguka pale kaburini, wanaume wawili walishindwa kumwinua. Kisha akaingia ndani, akakaa sakafuni pamoja na waombolezaji, akalala humo siku zote za matanga. Waliolala naye walikuwa wachache. Ndugu wa mama wawili watatu, mimi, na jirani mmoja mzee.

Ndipo mwanamke mmoja, wala hakuwa na ubaya, alipomwinamia asubuhi moja wakati wa uji akamwambia, "Mama, wewe una moyo. Kulala tena nyumba hii, na sauti yako iliwahi kuchukuliwa humu."

Mama mdogo hakuelewa. Alimtazama yule mwanamke, akanitazama mimi. Akaniita nyuma ya nyumba, pale mama alipokuwa akikaa kusikiliza ngoma. Nikamwambia yote. Nilimwambia habari za mashineni, na bakuli lililorudi limejaa, na benchi la kanisani. Nilitaka aumie, maana mimi nilikuwa nimeumia peke yangu kwa miaka miwili. Na aliumia. Alikaa chini kwenye vumbi, kanga ikamfunguka kichwani, hakuifunga.

Siku ya kumaliza matanga kijiji kizima kilikuja, kama desturi, hata waliokuwa wakitukwepa. Wazee wakasema yao. Mama mdogo akaomba aseme neno. Alisimama katikati ya uwanja wetu, na sauti ile niliyokuambia habari zake ilikuwa imekauka kwa kulia.

Akasema, "Mimi naitwa Osmunda, natoka Ruanda, mnanifahamu. Tela lile nililichagua mimi. Mwenye gari alitaka liwe tupu, la kubebea ngoma na vyombo. Mimi ndiye niliyemwomba aweke vitanda. Mwaka niliolala hapa mara ya mwisho nilimwona dada Apolonia akishuka ziwani kunitekea maji. Ameshika goti. Anapanda, anasimama, anapanda, anasimama. Mimi mgeni niko ndani nimekaa. Nikasema moyoni, mwakani sitamsumbua dada yangu. Sauti yangu ilichukuliwa na upepo na ubishi wangu, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia nijifunge shingo nikakataa. Sikumwambia kwa nini nalala kule. Nilijua angesema goti haliumi, akateka maji vilevile."

Akaendelea, polepole, "Nilimpenda, na ninyi mkamla kwa ajili yangu. Na mimi nikawasaidia kumla."

Kisha akakaa. Yule mwanamke wa mashineni alikuwapo, kichwa chake kiko chini. Wengine walianza kulia, na kilio cha siku ile kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ya kuzika. Wakaja mmojammoja kunishika mkono. Niliwapa mkono, mama alinilea hivyo. Lakini moyoni nilikuwa nawauliza, mnamlilia nani sasa? Jina lake lilirudi safi kabisa, kila mtu akasema Apolonia alikuwa mwenyeji wa kweli, mwanamke wa heshima. Aliyehitaji kulisikia alikuwa chini ya udongo, na mimi nikalisikia kwa niaba yake, na halikunisaidia.

Mama mdogo hakuniacha. Yeye ndiye aliyenileta huku milimani, nikaolewa na mtoto wa kaka yake, ndiye babu yako. Kwa hiyo wewe mwenyewe umetoka katika urafiki ule. Alizeeka karibu nami, nilimuuguza. Na mara nyingi, tukichambua maharage au tukiota jua, aliniuliza swali moja, "Hivi Apolonia alisema nini juu yangu?" Nilimjibu kweli, kwamba mama hakuwahi kusema neno baya juu yake mpaka anakufa. Nilidhani namfariji. Alikuwa akigeuza uso. Laiti mama angemtukana angalau mara moja, nadhani yule mwanamke angekufa na amani zaidi.

Basi, mwanangu, ushauri wangu ni huu, nawe umwambie na mwenyekiti wenu.

Chukueni lile sanduku tupu. Kwanza pikapu ya mjomba wako mnayosafiria si trekta, na mnaijua mitelemko ya kwenda ziwani, tela likiwa na vitanda na jiko na matangi ya maji litalisukuma gari kwenye kona badala ya kuvutwa nalo. Mwulizeni fundi habari ya breki zake na ile ndoano ya kufungia, msidanganywe na rangi. Wekeni ngoma humo, sare, sufuria, turubai la kujikinga na mvua, na maharage ya kuwapelekea wenyeji. Kulala, laleni kwenye nyumba za watu.

Utasema, Bibi, siku hizi watu wana shughuli, wengine wamechoka, hawataki wageni. Inawezekana. Asiyetaka atasema, na ninyi mtampisha. Lakini msimwamulie mtu kwamba mnamsumbua. Yupo mwanamke mahali fulani, Lundu au Puulu au popote mtakapoalikwa, ambaye kusumbuliwa na ninyi ndiyo sikukuu yake ya mwaka. Mkimwondolea usumbufu huo mnaweza kuwa mmemwondolea kila kitu, na hamtajua, kwa sababu hatasema. Watu kama hao hawasemi.

Na ukimwona mwenyeji wako ameshika goti, usimkimbie kwa huruma. Shuka naye. Ndoo ilikuwa pale mlangoni kwetu, mwanangu, na mama mdogo alikuwa na mikono yenye nguvu. Wangeshuka wote wawili hadi majini wakicheka Kiswahili chao kibovu, wakapanda pamoja, na mama yangu angekuwa mzee kama mimi, ukamjua. Ukimpenda mtu, mweleze unachomfanyia na sababu yake, tena umweleze mwenyewe, hata kama unajua atakataa. Mwache akatae. Mbishane, mkasirikiane, ale ugali wake amenuna, lakini ajue.

Nimemaliza. Nenda kawaambie wenzako, na kama watachagua lile lenye vitanda sitawanunia, ni fedha yao na ujana wao. Ila wewe uwe umesikia.

Mungu aliyewapa miguu ya kuchezea na awatangulie njiani, mshuke salama na mpande salama. Awape sauti isiyokatika na kikundi kisichogombana. Awafungulie milango mnakokwenda, na waliomo ndani wawafurahie. Na wewe, Imelda, akujalie kupendwa na watu watakaohangaika kwa ajili yako, na akujalie ulimi wa kuwaambia yaliyo moyoni mwako wakiwa hai, wakusikie, wakujibu. Amina. Sasa chukua hiyo simu, umpigie mwenyekiti wenu nikiwa hapahapa.